Magunia Mawili Katika Kumi

Mtu anayeuza mota yake, pikipiki, Jumatatu saa mbili asubuhi, tangi likiwa limejaa petroli, hana shida na mota. Jana yake hakuwa na habari kwamba ataiuza. Zuleica aliliona hilo kabla Jamaldine hajashusha mguu chini, maana miaka ishirini na mitano ya kununua na kuuza katika bandari ya Mocímboa da Praia ilimfundisha kumtazama muuzaji kwanza na bidhaa baadaye.

"Bei gani?" akauliza, bila kuinuka kwenye kigoda.

"Elfu thelathini, mama."

"Ya wizi?"

"Mama! Livrete hii hapa, kadi ya mota, na jina langu hili hapa."

"Basi una mgonjwa."

"Sina mgonjwa."

"Una mwanamke Pemba."

"Sina mwanamke Pemba!"

"Basi umekula pesa ya mtu. Sema upesi, samaki wanashuka."

Jamaldine akakaa juu ya gunia tupu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Zamani alikuwa professor, mwalimu wa hesabu shuleni, kwa mkataba wa mwaka mwaka. Vita vilipofunga shule na kukimbiza watu, mkataba nao ulifungwa, na waliporudi mjini mkataba haukurudi. Akawa mtu wa mota. Pesa aliyokula ilikuwa ya mkewe, Chamima, aliyokuwa ameiweka kidogo kidogo kwa kuuza mikate ya mchele ili anunue mabati ya nyumba. Na aliila kwenye simu, kwa mchezo wa karata unaoitwa poka.

"Nilikuwa na ree mbili, mama," akasema, kana kwamba neno hilo lilitosha. Lilipoonekana halitoshi, akaeleza. Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa katikati kwa wote. Yeye alikuwa na ree mbili, mwenzake, mtu wa Brazili au wa wapi sijui, alikuwa na saba mbili. Wote wawili wakaingiza kila walichokuwa nacho. "Ree mbili kwa saba mbili, unashinda mara nne katika tano. Mara nne! Zikafunuliwa nne, hakuna kitu. Nimeshashinda. Ikafunuliwa ya mwisho."

"Saba."

"Saba! Umejuaje?"

"Umekuja kuuza mota. Kwa hiyo ulishindwa."

"Sikushindwa, mama. Nilicheza sawasawa kabisa. Ni azar tu, bahati mbaya."

"Mabati yako wapi?"

Jamaldine akaitazama mota.

"Basi ulishindwa."

Zuleica alikuwa akiuza ng'onda, samaki waliopasuliwa wakakaushwa kwa chumvi na jua, na soko lake lilikuwa Diaca, kule bara, ambako watu walilima mihogo na hawakuiona bahari. Alikimbia mji na beseni moja akarudi na matatu, na kwenye banda lake la mabati mawili hakuna aliyempa kitu bure. Alihitaji mota. Alihitaji pia mwendeshaji ambaye askari wa vizuizi wanamjua sura na wanamruhusu apite bila kumfungulisha mizigo. Vyote viwili vilikuwa vimekaa mbele yake vikilalamika.

"Sinunui," akasema. "Naichukua rehani. Nakupa elfu kumi na tano, ukanunue mabati leo, mkeo asijue au ajue, hiyo ni yako na yeye. Livrete inakaa kwangu. Wewe unabeba magunia yangu Diaca na kila safari nakukata nusu ya ujira. Ukimaliza kunilipa kabla ya Idi ya kuchinja, livrete yako. Usipomaliza, mota yangu."

"Idi ni miezi mitatu!"

"Wewe ndiye professor. Hesabu."

Akahesabu. Ilitosha kabisa, kama asingecheza tena. Zuleica naye alikuwa amehesabu, na hesabu yake ilisema kwamba atacheza. Livrete akaifunga kwenye pindo la kapulana yake, kanga ya kiunoni. Siku ile ile alikuwa ameshaichagulia ile mota rangi nyingine.

Kilichomshinda haikuwa biashara. Ilikuwa ni mdomo wa yule mtu. Kila asubuhi, wakati wanangoja vyombo vya visiwani vishushe magunia, Jamaldine alikaa kwenye kivuli cha banda na simu yake, megas, vifurushi vya intaneti, akinunua kwa chenji ya petroli, na kila baada ya muda kidogo zilisikika kelele kama za mtu aliyeumwa na nge.

"Umeona! Umeona, mama! Ana kumi na nne tu katika mia, na imetoka!"

"Sioni kitu. Naona samaki."

"Mimi nimelogwa. Kwa hesabu haiwezekani. Kuna mtu."

Alikwenda mpaka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani amwandikie kombe anywe. Akamwambia ni kwa ajili ya biashara ya mtandaoni. Mwalimu akauliza anauza nini. Jamaldine, ambaye hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, akajibu: "Subira." Mwalimu akamwambia bidhaa hiyo aende akainunue kwanza, ndipo arudi kuiuza. Jamaldine aliileta habari hiyo kwa Zuleica kama ushahidi mwingine kwamba dunia imemgeuka.

"Hivi wewe," Zuleica akamwambia siku moja, amechoka mpaka kwenye mifupa, "umebeba magunia yangu safari ngapi?"

"Sita."

"Mangapi yalikuwa mabovu?"

Hapo ndipo ilibidi Jamaldine afikiri, ingawa jibu alikuwa nalo, maana yeye ndiye aliyekuwepo yakifunguliwa. Bandarini pale gunia la ng'onda lililoshonwa kisiwani halifunguliwi. Likifunguliwa, watu wa Diaca wanaona uzi umebadilika, wanasema limechanganywa, na bei inaanguka. Mnunuzi anaruhusiwa kitu kimoja: katika kila magunia kumi anachagua moja, analichoma spoki ya baiskeli, anaichomoa, anainusa. Basi. Mengine tisa anayachukua kwa imani na kwa bei. Kama kuna lililooza, analijua Benvinda, mama wa Kimakonde mwenye meza kubwa sokoni Diaca, anapokata uzi mbele ya Jamaldine na kufunika pua.

"Kwa wastani, mawili katika kumi," akasema. "Siku hizi matatu. Safari iliyopita manne."

"Umeniona nikilia?"

"Hapana."

"Nimekwenda kwa mwalimu?"

"Hapana."

"Kwa sababu nilishalia kwenye bei. Nikinunua kumi nalipa ya manane. Yale mawili nimeyaoza mimi mwenyewe kichwani kabla hayajaoza. Wewe unasema unashinda mara nne katika tano. Hiyo ya tano umeilipia wapi?"

Jamaldine akakuna shingo kwa kalamu. "Hiyo ni tofauti," akasema.

"Tofauti gani?"

"Yako ni samaki."

Zuleica angeweza kumpiga na mizani.

Badala yake alichukua makopo mawili ya nyanya, matupu, akayasuuza, akayaweka juu ya kasha mbele ya yule mtu pamoja na kibaba cha kunde. "Wewe kila siku unaniambia habari za azar. Haya. Kila ukiingiza pesa zako zote na karata zako ni kubwa kuliko za mwenzio, tia kunde. Ukishinda, kulia. Ukishindwa, kushoto. Mimi niko hapa, nitakuona. Siku ya mwisho tutahesabu hiyo azar tuione ina kimo gani."

"Mama, mimi nimefundisha hesabu miaka saba. Unataka nihesabu kwa kunde?"

"Kwa hizo hesabu zako za miaka saba umekula mabati. Tia kunde."

Siku za kwanza makopo yalimwonyesha Zuleica jambo ambalo mwenye simu hakuliona. Kunde ya kushoto iliingia kwa makelele, matusi ya Kireno, na mkono juu ya kichwa. Ya kulia haikuingia kabisa. Jamaldine akishinda alinyamaza, akashusha pumzi, akaendelea, kana kwamba amelipwa mshahara wake.

"Tia kunde," Zuleica alisema bila kugeuka.

"Umejuaje nimeshinda?"

"Umenyamaza. Tia."

Wiki ya sita wakamwaga makopo juu ya mkeka. Chamima alikuwepo. Alikuwa amekuja kumwuliza Zuleica kwa adabu, lakini kwa jicho kali, kwa nini livrete ya mota ya nyumbani kwake inalala kwenye kapulana ya mwanamke mwingine. Akaelezwa yote, na mume wake akitazama bahari. Basi akakaa kuhesabu kunde pamoja nao, na hakuna mwanamke aliyewahi kuhesabu kunde kwa ghadhabu namna ile. Kulia, themanini na moja. Kushoto, ishirini na mbili.

Jamaldine akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye kiganja, akafuta, akaandika tena.

"Mara nne katika tano," akasema polepole. "Karibu kabisa."

"Kwa hiyo hujalogwa," Zuleica akasema.

"Inaonekana hivyo."

"Na mke wa kaka yangu, uliyemshuku uchawi ukakataa kumsalimia mwezi mzima?" Chamima akauliza.

"Nitamsalimia."

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Kisha akakunja paji. "Lakini pesa zimekwisha, mama. Kama nimeshinda ninavyostahili, pesa zimekwenda wapi?"

Zuleica alikuwa akilingoja swali hilo wiki sita. "Kopo la tatu liko wapi?"

"Lipi la tatu?"

"Kila ukitia kunde kushoto, unatukana, unaikamata simu tena, kidole kinapiga piga kama mvua, na robo saa nzima kunde haiingii popote. Si kulia, si kushoto. Hizo ulikuwa unacheza na karata gani?"

"Za kawaida."

"Kama zipi?"

"Nane... na tatu."

"Zinashinda?"

Chamima ndiye aliyejibu. Alichukua kopo la kushoto, tupu, akamwekea mumewe mapajani liwe hilo la tatu, akainuka, akaenda zake kuuza mikate.

Tangu siku hiyo kelele zilipungua, na Zuleica, ambaye alidhani atafurahi, alianza kuudhika kwa upande mwingine. Jamaldine aliweka sheria: mezani haendi na zaidi ya sehemu moja katika ishirini ya alichonacho, na kila kunde ya kushoto ikiingia simu inazimwa, anakwenda kupangusa mota. Mota iling'aa sana mwezi ule. Ujira ukawa unalipa deni. Elfu kumi zikatimia, zikapita. Zuleica akaanza kuitazama ile mota kama mtu anayetazama basi likiondoka.

Halafu, siku tisa kabla ya Idi, mzigo wa Diaca ukarudi na habari. Sita mabovu. Sita katika kumi! Benvinda alikuwa amekataa hata kuyashusha. Jamaldine alikuwa ameyarudisha baadhi mpaka bandarini, na harufu ilifika kabla yake.

Zuleica alipiga makofi, akasimama, akakaa, akasimama tena. "Sita! Mimi nimemkosea nani? Mwezi jana manne, juzi manne, leo sita! Mwaka huu una mkosi. Ni mvua hizi. Hapana, ni ule mguu wa mwanamke aliyepita hapa na ndoo tupu siku ile nanunua, nilimwona, nikasema moyoni leo kuna kitu!"

Akageuka. Jamaldine alikuwa amekaa juu ya kasha, mikono magotini, anamtazama kwa upole usiovumilika.

"Unatazama nini?"

"Natafuta makopo, mama."

"Nitakumwagia hili gunia kichwani."

"Ngoja." Akatoa kalamu, akaandika ubavuni mwa gunia, mistari mitatu, minne. "Kama kweli ni mawili katika kumi, kupata mabovu sita au zaidi hutokea mara moja katika mizigo mia na hamsini na saba. Wewe unanunua mara sita kwa mwezi. Ulipaswa kungoja miaka miwili na miezi. Na manne mara mbili kabla yake. Hiyo si azar."

"Ni mvua."

"Mvua haichagui. Ingeozesha hata gunia unalochoma spoki. Umewahi kukataa mzigo wa Atumane hata mmoja?"

Atumane alikuwa dalali wa magunia ya visiwani, mtu mwenye kofia safi na maneno laini, ambaye kila mara alimwita Zuleica dada yangu wa damu. Zuleica akafikiri. Hakuwahi. Kila alipochoma, spoki ilitoka kavu, inanukia chumvi.

"Unajua kitu," akasema, macho yamekuwa madogo. "Wewe unajua kitu."

"Najua."

"Sema."

"Bei gani?"

Miaka ishirini na mitano hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Zuleica swali hilo ndani ya banda lake mwenyewe.

"Tangu lini unajua?"

"Nilishuku tangu safari ya nane. Leo nimehesabu."

"Ukanyamaza! Unanibebea uozo mpaka Diaca na umenyamaza!"

"Na wewe, mama, uliona kopo la tatu siku ya kwanza. Ulinyamaza wiki sita, livrete ikiwa kiunoni."

Hilo lilimuudhi Zuleica kuliko samaki waliooza. Wakaanza kupatana. Jamaldine alitaka livrete, na elfu tatu zilizobaki zisamehewe. Zuleica akasema atampa livrete siku ya kulipa, kama walivyoagana, na shukrani. Jamaldine akasema shukrani haingii kwenye tangi. Zuleica akasema basi livrete, na safari kumi za bure. Mbili. Nane. Nne, na petroli ya Zuleica. Nne, petroli nusu kwa nusu, na simu isiwashwe tena ndani ya banda hili. Jamaldine akatazama simu, akatazama mota.

"Nje ya banda?"

"Nje ya banda kacheze hata na samaki."

Zuleica akafungua pindo. Livrete ilikuwa imelowa jasho na kupinda, lakini jina lilisomeka.

"Wewe unasomeka, mama," Jamaldine akasema, akiiweka mfukoni nyuma ya kalamu. "Magunia yanapangwa matano chini, matano juu. Kila mara unachoma la chini, la pili kutoka kushoto. Kila mara. Unadhani wewe mjanja kwa sababu huchomi la juu. Bandari nzima inajua. Atumane anaweka samaki wa kula mwenyewe katika lile moja. Poka, mtu akicheza vilevile kila siku, anatafunwa mpaka mifupa. Nimetafunwa mimi, ndiyo maana najua."

Mkono wake wa kulia, ule wa spoki, Zuleica aliuangalia kama wa mtu mwingine.

Mzigo uliofuata walikwenda wote wawili. Magunia kumi, matano chini, matano juu, uzi mpya. Atumane akafungua mikono. "Dada yangu wa damu! Choma, choma, jua linapanda."

Zuleica akaitoa spoki, akasogea upande wa kushoto, akainama. Atumane akatabasamu. Hapo Jamaldine akasogeza mbele ya Zuleica kopo la nyanya lenye kunde kumi, kila moja imechorwa namba kwa kalamu. Zuleica akatumbukiza mkono bila kutazama.

"Nini hicho?" Atumane akauliza.

"Tisa," Jamaldine akasoma. "La juu, la nne."

"Hapana, hapana. Mnunuzi anachagua kwa mkono wake. Ndiyo desturi ya bandari."

"Mkono ni wangu," Zuleica akasema, akiunyanyua aonekane.

"Mnacheza kamari hapa? Kwenye riziki za watu? Haramu hii!"

"Atumane, ndugu yangu wa damu, samaki wako wana nini kwenye la tisa?"

Watu wa vyombo walikuwa wameanza kusogea. Spoki ikaingia. Hakukuwa na haja ya kuinusa, mtu aliyesimama hatua tatu nyuma aligeuza uso. Zuleica akatumbukiza mkono tena: namba nne, la chini. Nalo vilevile. Desturi ilikuwa moja katika kumi, lakini hakuna aliyeikumbusha, hata Atumane, aliyekuwa sasa anaifuta ile kofia yake safi. Bei ilishuka pale pale kuliko alivyowahi kuishusha kwa maneno, na magunia mawili mazuri yakaongezwa juu kwa ajili ya yale sita, kwa hiari ya dalali, mbele ya mashahidi kumi na mmoja.

Idi ilifika. Hesabu yao ilikaa hivi. Zuleica alipoteza mota aliyokuwa ameshaichagulia rangi, na elfu tatu, na magunia ambayo hakuna dalali atakayeyarudisha yote. Alipata kopo la kunde kumi, na sifa bandarini kwamba mwanamke huyu sasa hajulikani atachoma wapi, na sifa hiyo peke yake ilianza kuleta samaki wakavu. Bado mzigo mmoja ulitoa mawili mabovu, mwingine hakuna, mwingine matatu, na siku ya matatu alijikuta akimtafuta mwanamke wa ndoo.

Jamaldine alirudishiwa mota yake, na salamu kwa wifi wa mkewe zikarudi. Simu bado anayo. Anacheza nje ya banda, kwenye jua, hatua kumi kutoka mlangoni, kwa pesa ndogo, na mwezi ukiisha hana faida ya maana wala hasara ya maana. Kilichopotea ni ile azar. Alikuwa ameishi nayo miaka, ilikuwa inambebea kila kitu, na sasa ikija saba ya mwisho hana mtu wa kumtukana.

Mabati ya Chamima yako juu ya nyumba. Siku ya Idi aliwapelekea wote wawili mikate ya mchele, kila mmoja sahani yake, na kwenye sahani ya mumewe, katikati kabisa, alikuwa ameweka kunde moja mbichi.